Vidonda vya Kulalia: Tuwachunguze Wagonjwa Wetu Mapema

Miongoni mwa mitihani inayozifikia nyumba nyingi za Pwani ni kumuuguza mzazi, mume, mke au ndugu ambaye hawezi tena kuinuka kitandani. Huyu amepatwa na kiharusi, yule amevunjika nyonga, mwingine amelemewa na uzee tu. Familia hukusanyika, dawa hununuliwa, uji hupikwa na wageni huja kumjulia hali. Kisha, baada ya wiki chache, anayemwogesha mgonjwa hukuta jambo ambalo hakulitarajia: pale mgongo unapoishia, juu ya makalio, pana kidonda. Aghalabu kidonda hicho huwa kimekwisha kuwa kikubwa siku ile ile kinapoonekana kwa mara ya kwanza, na nyumba nzima hubaki ikiulizana kimetoka wapi.

Hicho ndicho kidonda cha kulalia, ambacho hospitalini huitwa pia kidonda cha mgandamizo. Tumeona tukiandikie makala haya kwa sababu mbili. Kwanza, vingi vya vidonda hivi vyaweza kuzuiwa na jamaa wa mgonjwa, hata wasiokuwa na elimu ya uuguzi. Pili, njia iliyozoeleka ya kuvitambua mapema, yaani kutazama wekundu wa ngozi, haitufai sana sisi wenye ngozi nyeusi. Kidonda kinapopuuzwa huweza kuchimba hadi mfupani, kikatia sumu katika damu, na kumuua mgonjwa ambaye pengine alikuwa akielekea kupona maradhi yake ya asili.

Jinsi kinavyoanza

Ngozi na nyama huishi kwa damu. Mtu mwenye afya, hata akiwa amelala fofofo, hujisogeza mara nyingi usiku bila kujua, kwa kuwa mwili wake humtaka ahame pale panapouma. Mgonjwa aliyepooza hahisi maumivu hayo, na mgonjwa dhaifu huyahisi lakini hana nguvu za kugeuka. Mfupa unapokandamiza nyama juu ya godoro kwa saa kadhaa, mishipa midogo hubanwa, damu haipiti, na nyama huanza kufa. Mara nyingi kufa huko huanzia ndani, karibu na mfupa, kabla ngozi ya juu haijabadilika. Ndiyo maana kidonda huonekana kana kwamba kimezuka kwa usiku mmoja, ilhali kilianza siku kadhaa nyuma.

Mgandamizo una wasaidizi wake. Mgonjwa anapoburutwa kuelekea mtoni mwa kitanda, ngozi hunata kwenye shuka huku mifupa ikisogea, na mishipa ya katikati huvutika na kukatika. Mkojo, kinyesi na jasho huilainisha ngozi hata ikawa nyepesi kuchubuka. Lishe duni huinyima nyama kitu cha kujijengea. Kisukari na uvutaji wa sigara huzidi kuipunguza damu inayofika.

Sehemu za kuchungwa ni zile ambazo mfupa uko karibu na ngozi. Kwa anayelala chali ni kisogo, mifupa ya mabega, viwiko, kifandugu na visigino. Kwa anayelala ubavu ni sikio, bega, nyonga, pande za magoti na vifundo vya miguu. Kwa anayeketi kitini muda mrefu ni mifupa ya makalio. Tusisahau pia mpira wa mkojo na mpira wa kulishia puani, kwani navyo hukandamiza ngozi vikiachwa mahali pamoja.

Si dalili ya kifo

Wako wanaoamini kuwa kidonda cha kulalia ni alama tu kwamba mgonjwa amekaribia mwisho wake, na kwamba hakuna la kufanya. Dhana hii si yetu peke yetu. Katika karne ya 19 huko Paris, daktari mashuhuri Jean-Martin Charcot alifundisha kuwa vidonda hivi hutokana na kuharibika kwa neva, na baadhi yake akavihesabu kuwa ishara ya mauti. Kwa miaka mingi waliovunjika uti wa mgongo waliachwa wafe, wengi wao kwa vidonda na maambukizi ya mkojo.

Aliyeipindua fikra hiyo ni daktari Ludwig Guttmann, aliyekimbilia Uingereza mwaka 1939 kutoka Ujerumani ya Wanazi. Mwezi Februari 1944 alikabidhiwa wodi mpya ya waliovunjika uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville. Aliamuru wagonjwa wageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, na ngozi zao zikaguliwe. Vidonda vilipungua, na watu waliokuwa wakihesabiwa kuwa wafu walirudi makwao na kazini. Mwaka 1948 aliwaandalia wagonjwa wake mashindano ya michezo wakiwa kwenye viti vya magurudumu, na hayo ndiyo yaliyokua hadi kuwa michezo ya Paralimpiki. Mwanzo wa yote ulikuwa mikono ya wauguzi waliomgeuza mgonjwa kwa saa maalumu. Sote twayajua mafunzo ya kumfunga ngamia kwanza, kisha kutawakali.

Maswali sita ya kumpima mgonjwa

Hospitalini, muuguzi hangoji kidonda kitokee. Humpima mgonjwa siku ya kwanza ili ajue hatari aliyonayo. Kipimo kinachotumika sana ni cha Braden, kilichotungwa na wauguzi wawili wa Marekani, Barbara Braden na Nancy Bergstrom, na kuchapishwa mwaka 1987. Kina sehemu sita. Tano kati yake hupewa alama 1 hadi 4, na ya mwisho 1 hadi 3, hivi kwamba jumla huwa kati ya 6 na 23. Alama zinavyopungua ndivyo hatari inavyozidi, na mtu mzima mwenye alama 18 au chini yake huhesabiwa kuwa hatarini.

Jamaa hawana haja ya kuhesabu alama, lakini maswali yenyewe yafaa kuulizwa katika kila nyumba yenye mgonjwa. Je, anahisi maumivu na kuweza kuyaeleza? Je, ngozi yake huwa kavu, au shuka hulowa mara kwa mara? Je, hutembea, huketi tu, au hatoki kitandani kabisa? Je, aweza kujigeuza mwenyewe akiwa kitandani? Je, hula chakula cha kutosha, au huacha zaidi ya nusu ya sahani? Na je, anapohamishwa huinuliwa, au huburutwa? Majibu mabaya yakiwa mawili au matatu, familia ianze kumlinda siku hiyo hiyo.

Ngozi yetu na wekundu usioonekana

Vitabu vingi vya uuguzi viliandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe. Vyasema kwamba kidonda huanza kama doa jekundu ambalo, likibonyezwa kwa kidole, halibadiliki kuwa jeupe. Katika ngozi nyeusi wekundu huo aghalabu hauonekani, na weupe wa kubonyeza hauonekani pia. Tafiti zilizofanywa Marekani zimeonyesha kuwa kwa wagonjwa weusi hatua ya kwanza hugunduliwa kwa nadra, na vidonda vyao hutambuliwa vikiwa vimekwisha kuzama. Tatizo liko katika namna ya kutazama, kwani ngozi yenyewe huwa imetoa dalili nyingine.

Dalili hizo ndizo tunazopaswa kuzijua. Mchunguzeni mgonjwa kwa mwanga wa mchana, dirisha likiwa wazi, maana mwanga wa taa hubadilisha rangi. Linganisheni sehemu ya mfupa na ngozi iliyo pembeni yake, au ubavu mmoja na mwenziwe. Doa laweza kuwa jeusi zaidi ya ngozi iliyolizunguka, au la zambarau, au la samawati, na wakati mwingine ngozi hung'aa na kuvutika. Kisha gusa. Kwa mgongo wa mkono, sikilizeni joto: sehemu iliyoanza kudhurika huwa na joto zaidi ya jirani yake, au baadaye ikawa baridi zaidi. Kwa ncha za vidole, pimeni ugumu: yaweza kuwa ngumu, au laini mno kama tunda lililoiva kupita kiasi. Na mgonjwa anayeweza kusema aulizwe kama pale panamuuma, panawasha au panachoma. Maumivu huweza kutangulia rangi.

Ukikuta dalili hizo, mwondoe mgonjwa juu ya sehemu ile na urudi kuitazama baada ya nusu saa. Zikiwa zimetoweka, ngozi imepumua, nawe ujue kwamba muda uliopita kati ya kugeuza na kugeuza ulikuwa mrefu mno. Zikiwa bado zipo, hiyo ni hatua ya kwanza ya kidonda hata kama ngozi haijapasuka, na mgonjwa asilazwe tena upande huo mpaka itulie.

Sitara na dharura

Kuna kizuizi kingine ambacho hakizungumzwi. Mahali kidonda hiki kipendapo kuanzia, yaani kifandugu na makalio, ni mahali pa sitara. Mtoto wa kiume huona haya kumfunua mama yake, mkwe huona haya kwa baba mkwe, naye mgonjwa mwenyewe huvuta leso yake na kusema kuwa hana neno. Hivyo siku hupita, kila mmoja akidhani mwenzake ametazama.

Haya ni sehemu ya imani, na mgonjwa ana haki ya kuhifadhiwa heshima yake hata asipojitambua. Hata hivyo wanavyuoni wamekubali kwamba panapokuwa na haja ya tiba, hufunuliwa kile kinachohitajika kwa kiasi cha haja hiyo. Basi familia ikae na ipange tangu mwanzo: nani atamchunguza mgonjwa, na saa ngapi. Mwanamke achunguzwe na binti, dada au mwanamke mwingine wa nyumba. Mwanamume na mkewe au wanawe wa kiume. Mlango ufungwe, shuka ifunike mwili wote isipokuwa sehemu inayotazamwa, na mgonjwa aelezwe kinachofanywa kabla hajaguswa. Wakati wa kuogeshwa asubuhi na wakati wa kubadilishwa nguo jioni ni nafasi nzuri, maana huwa tayari amefunuliwa.

Kumgeuza

Tiba na kinga ya kwanza ni kuuondoa mgandamizo. Hakuna dawa iponyayo kidonda ambacho mgonjwa angali anakilalia.

Kawaida iliyoenea ni kumgeuza kila baada ya saa mbili. Adhana tano husaidia kukumbuka, lakini hazitoshi, kwa kuwa kati ya Alfajiri na Adhuhuri hupita kiasi cha saa saba. Ni vyema ratiba iandikwe na kubandikwa ukutani: Alfajiri ubavu wa kulia, saa moja asubuhi chali, saa tatu ubavu wa kushoto, saa tano ubavu wa kulia, Adhuhuri chali, na kuendelea. Kila anayegeuza atie alama.

Anapolazwa ubavu, asilale ubavu kamili, kwani mfupa wa nyonga utabeba uzani wote. Mto uwekwe nyuma ya mgongo ili ainame kiasi cha nyuzi 30 tu. Mto mwingine uwekwe kati ya magoti. Anapokuwa chali, mto uwekwe chini ya misuli ya miguu kwa urefu wake, visigino vielee bila kugusa godoro. Kichwa cha kitanda kisiinuliwe zaidi ya nyuzi 30 kwa muda mrefu, maana mwili huteleza chini na ngozi ya makalio hubaki nyuma. Wakati wa kula ainuliwe, kisha baada ya chakula kutulia ateremshwe. Aketiye kitini asogezwe au ainuliwe kidogo kila robo saa akiweza, na asiachwe hapo kutwa.

Kumhamisha kunahitaji watu wawili. Shuka lililokunjwa liwekwe chini yake kuanzia mabegani hadi mapajani. Mmoja ashike upande huu, mwingine ule, wahesabu pamoja na kumnyanyua bila kumburuta. Njia hii huhifadhi pia migongo ya wauguzaji.

Kuhusu malazi, godoro la sufi lililoshikana mabonge, au kitanda cha kamba kisicho na godoro zuri, humzidishia mgonjwa taabu. Godoro la povu zito lafaa zaidi. Godoro la hewa linalojaa na kupungua kwa zamu ni msaada mkubwa kwa mwenye uwezo, lakini hutegemea stima. Stima ikikatika, angalieni lisije likanywea mgonjwa akabaki juu ya mbao. Tena godoro hilo haliondoi haja ya kumgeuza. Mipira ya duara yenye tundu katikati, pamoja na glavu zilizojazwa maji chini ya visigino, havishauriwi, kwa sababu hubana damu pembeni. Vilevile, sehemu iliyobadilika rangi isikandwe wala kusuguliwa: kukanda huko huzidi kuivunja mishipa iliyojeruhiwa.

Kumwelekeza mgonjwa kibla ni kwa ajili ya sala. Akishatoa salamu, arudi katika zamu yake; asiachwe ubavu ule ule mpaka sala nyingine. Maji ya udhu yaliyobaki katika mikunjo ya ngozi yakaushwe kwa kitambaa laini kwa kupangusa taratibu. Na ikiwa maji yatadhuru kidonda, dini imeweka ruhusa. Imamu wa msikiti wenu atawaeleza namna ya kutayamamu.

Hatua za kidonda

Muuguzi akikitazama kidonda hukiweka katika hatua, na jamaa akizijua ataweza kueleza kwa simu anachokiona. Katika hatua ya kwanza ngozi ni nzima, ila rangi, joto au ugumu wake umebadilika na hautulii. Katika ya pili ngozi ya juu imechubuka au pana lengelenge. Kidonda ni kifupi, chekundu, chenye unyevu. Katika ya tatu ngozi yote imetoboka, mafuta ya chini ya ngozi yanaonekana, na shimo limeanza. Katika ya nne shimo limefika kwenye msuli, mshipa wa kano au mfupa.

Kuna hali mbili nyingine za kuhadhari. Kidonda kilichofunikwa na utando wa njano au gamba jeusi hakiwezi kupimwa kina chake, na aghalabu ni kirefu kuliko kinavyoonekana. Na doa la zambarau iliyokolea juu ya ngozi nzima huweza kuwa ishara ya nyama iliyokufa ndani. Lisidhaniwe kuwa ni damu iliyovia tu.

Tusichanganye pia kidonda hiki na michubuko ya unyevu. Michubuko ya mkojo na kinyesi hutokea katika mikunjo na kati ya makalio, huenea bila mpaka maalumu, na haichimbi. Kidonda cha kulalia hukaa juu ya mfupa na huwa na kingo. Mgonjwa aweza kuwa na vyote viwili kwa pamoja.

Kuosha, kufunika na kupima

Kidonda cha hatua ya pili kilicho safi chaweza kuhudumiwa nyumbani chini ya uangalizi wa muuguzi wa zahanati. Nawa mikono kwa sabuni. Osha kidonda kwa maji ya chumvi: nusu lita ya maji yaliyochemshwa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kilichosawazishwa, yaachwe yapoe, na yatengenezwe mapya kila siku. Mimina taratibu, usisugue. Kausha ngozi ya pembeni, kisha funika kwa bandeji isiyonata kwenye kidonda. Akiwa na dawa ya maumivu aliyoandikiwa na daktari, apewe nusu saa kabla.

Wengi wetu tumelelewa na fikra kwamba kidonda huanikwa kikauke. Mwaka 1962 mtafiti George Winter alionyesha katika jarida la Nature kwamba kidonda kilichofunikwa na kubaki na unyevu wake hufunga ngozi kwa haraka zaidi kuliko kilichoachwa wazi kikajenga gaga. Unyevu unaotakikana ni wa kiasi: kisikauke, wala kisilowe.

Spiriti na haidrojeni peroksaidi hazifai kwa kidonda kinachopona, kwani huua pia nyama changa. Majivu, dawa ya meno na unga wa vidonge vilivyosagwa visitiwe kamwe. Ama asali, ambayo Surat an-Nahl imeitaja kuwa na shifaa, nayo hutumika katika baadhi ya hospitali. Lakini hospitalini hutumiwa asali iliyosafishwa maalumu vimelea vyake. Asali ya sokoni huweza kuwa na uchafu au kuchanganywa na sukari, kwa hivyo anywe mgonjwa asiye na kisukari, na isimiminwe ndani ya shimo la kidonda bila ushauri.

Gamba jeusi lisikatwe nyumbani. Kuondoa nyama iliyokufa ni kazi ya daktari au muuguzi aliyefunzwa. Gamba kavu na gumu la kisigino, lisilo na usaha wala harufu, mara nyingi huachwa lilivyo.

Kila wiki, siku ile ile, pimeni urefu na upana kwa rula na muandike katika daftari pamoja na rangi, maji yanayotoka na harufu. Daftari hili litamwambia daktari mengi kuliko maneno. Atakayepiga picha kwa simu apate idhini ya mgonjwa, apige kidonda peke yake, na aitume kwa mhudumu tu. Isizunguke katika makundi ya familia.

Mgonjwa afikishwe hospitalini bila kungoja akiwa na kidonda cha hatua ya tatu au ya nne, au kilichofunikwa na gamba. Au wekundu, weusi, joto na uvimbe vikienea pembeni. Au usaha na harufu mbaya vikizidi. Au homa, baridi ya kutetemeka, kuchanganyikiwa ghafla au kupumua kwa kasi. Dalili hizo za mwisho huweza kumaanisha kuwa sumu imeingia katika damu. Kidonda cha hatua ya pili kisichoonyesha nafuu katika wiki mbili nacho kipelekwe kikachunguzwe. Dawa za kuua vimelea hazihitajiki kwa kila kidonda, na si vyema kujinunulia dukani. Na kama harufu inamwaibisha mgonjwa, muulizeni muuguzi. Ipo tiba ya kuipunguza.

Chakula cha kujenga nyama

Mwenye kidonda huhitaji protini zaidi ya mtu wa kawaida. Miongozo ya kimataifa hupendekeza gramu 1.25 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzani kwa siku; yaani mtu wa kilo 60 ahitaji gramu 75 hadi 90. Yai moja lina kiasi cha gramu 6, kwa hivyo uji mtupu na chai ya rangi havitafikisha. Uji upikwe kwa maziwa, samaki achambuliwe miiba, kunde na pojo zipondwe, na apewe kidogo kidogo mara nyingi. Anayepaliwa akimeza achunguzwe kwanza na wataalamu, na mwenye maradhi ya figo apangiwe kiasi chake na daktari. Mwenye kisukari ahifadhiwe sukari yake, kwani ikipanda kidonda hakifungi.

Nani atamgeuza usiku?

Katika nyumba zetu mzigo huu humwangukia mwanamke mmoja: binti asiyeolewa, au mke wa mwana. Mchana hupika na kufua, usiku huamka kila saa mbili, na kidonda kikitokea hulaumiwa yeye. Huu si uadilifu. Baadhi ya vidonda hutokea hata panapokuwa na uangalizi mzuri, hasa mwili unapochoka mwishoni mwa umri. Na vingine hutokea kwa sababu mtu mmoja hawezi kufanya kazi ya watu wanne.

Kumgeuza mzazi hakuhitaji ujuzi wa jikoni wala kuhitilafiana na sitara, maana mgonjwa hugeuzwa akiwa amevaa na kufunikwa. Watoto wa kiume wana nguvu za kunyanyua. Wachukue zamu ya saa sita na saa nane za usiku. Aliye Nairobi au Ughaibuni alipie godoro zuri au mwangalizi wa usiku. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, ambao Nancy Bergstrom tuliyemtaja aliuongoza katika nyumba za wazee za Marekani na Kanada, uliona kwamba kwa wazee waliolala juu ya magodoro ya povu zito, kugeuzwa kila saa mbili, tatu au nne hakukuleta tofauti ya maana. Kwa hivyo, mwenye godoro zuri na ngozi isiyo na dalili huenda akaongezewa muda usiku, kwa ushauri wa muuguzi, ili anayemuuguza apate usingizi. Ngozi ikaguliwe asubuhi. Ikionyesha dalili, muda upunguzwe tena.

Wahudumu wa afya ya jamii wanaopita majumbani wajulishwe kuwa mna mgonjwa wa kitandani, nao watawaunganisha na zahanati. Tunawasihi wasomaji wetu wenye wagonjwa wasingoje kumaliza wiki. Leo, kabla ya Magharibi na mwanga ungalipo, fungeni mlango, mgeuzeni kwa upole, mtazame kifandugu na visigino, mguse kwa mgongo wa mkono, kisha muandike mlichokiona. Mwenyezi Mungu awape wagonjwa wetu shifaa, na awape subira na wasaidizi wanaowauguza.